Koni Nyekundu ya Bwana Fadhili na Kilima cha Mkunya

Tangu nistaafu, watu wanaonifuata nyumbani hapa Masasi hawaniulizi habari za klachi wala rejeta, vitu ninavyovijua vizuri. Wananiuliza jambo moja tu: "Mama Asha, gari langu ni la zamani, nilifunge ile koni ya kuvutia hewa?" Juzi aliniuliza mtu kwenye foleni ya daktari wa meno, mimi nimejishika shavu na siwezi kufungua mdomo. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Ninyi mafundi mnaobaki kwenye karakana mmesikia kisa hiki kwa vipande, na kila mtu anakisimulia anavyopenda. Wapo wanaosema Bwana Fadhili alimwona shetani barabarani. Hakumwona. Mimi nilikuwemo ndani ya gari, kiti cha nyuma, upande wa kushoto.

Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vyangu vilikuwa vichache na mshahara kila mmoja wenu anaujua.

Nilianza kazi nikiwa msichana wa miaka ishirini na mbili, nimetoka chuo cha ufundi na ovaroli iliyonizidi urefu. Karakana ilikuwa ya mradi wa afya ya vijijini, ule uliokuwa ukipeleka chanjo na kubeba wagonjwa kutoka zahanati za Masasi na Newala. Mradi ulikuwa na magari saba, na lililokuwa jipya kuliko yote lilikuwa limenizidi umri kidogo. Fundi mkuu alikuwa Mzee Nantunga, Mmakonde wa Newala, mfupi, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeongea msibani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanionyesha mlango wa ofisi.

"Karani anakaa kule," akasema.

"Mimi ni fundi, Mzee."

Akanitazama, akaitazama ovaroli, akafikiri. "Basi fungua eakilina zote," akasema, akaondoka kwenda kunywa chai.

Eakilina ni chujio la hewa, lile linalokaa ndani ya boksi jeusi pembeni ya injini. Nilifungua zote saba siku ile. Katika gari la tatu, pikapu ya Lukuledi, nilikuta panya amejenga. Alikuwa amelitafuna chujio nusu nzima, akatandika karatasi zake vizuri, na pembeni akaweka akiba ya korosho mbichi zilizopangwa kama dukani. Nilimwita Mzee Nantunga nikidhani atacheka. Hakucheka. Alichutama akalitazama boksi lile muda mrefu.

"Unaona huyu panya?" akaniuliza. "Kwenye gari zima amechagua hapa. Hapavuji, hapana joto, hapana vumbi. Aliyelitengeneza gari hili na panya huyu wamefikiri sawa. Wewe usije ukajifanya unajua kuliko wote wawili."

Kwa wiki tatu sikushika kitu kingine. Kufungua, kukung'uta, kufuta, kufunga. Mzee Nantunga alinifundisha kufuatisha bomba la hewa kwa mkono mpaka mwisho, nione linavyopita nyuma ya taa na kujificha kwenye ubavu wa gari, mahali ambapo hewa ni baridi na vumbi la magurudumu haliruki sana. Alinifundisha pia jambo la kitambaa. Ukitaka kujua kama chujio linafanya kazi, usilitazame chujio. Chukua kitambaa cheupe, ingiza kidole upande wa ndani, kule hewa inakokwenda baada ya kuchujwa, ufute. Kikitoka cheupe, funga uende nyumbani. Kikitoka chekundu, basi ardhi ya Newala imeshaanza kuingia kwenye injini, na ardhi ile ikichanganyika na oili inasaga vyuma kama msasa. Vitambaa vyake alivifua mwenyewe. Mkewe alikuwa amekataa.

Miaka ya katikati ilijaa kazi, na kesi nyingi mnazijua. Nitataja moja tu, kwa sababu inahusu hewa. Gari la wagonjwa la Newala liliwahi kukosa nguvu kila Ijumaa. Siku nyingine zote linapanda kilima cha Mkunya bila shida, Ijumaa linatoa moshi mweusi na kujikokota. Dereva wake alikuwa Chikoti, mtu mwangalifu sana, haendeshi bila kufuta kioo. Nilibadilisha chujio la dizeli, nikasafisha tangi, nikapima pampu. Jumatano gari zima, Ijumaa gonjwa. Mzee Nantunga alishaanza kuumwa miguu wakati huo, alikaa kwenye kiti na kuniangalia tu. Mwisho nilimwambia Chikoti asimame Ijumaa saa tano asubuhi, nikafungua boksi la hewa mbele yake. Ndani, upande ule ulio safi, palikuwa na kanzu iliyokunjwa vizuri na kofia juu yake. Kanzu ilikuwa imevutwa ikaziba nusu ya mdomo wa bomba.

"Chikoti, hii nini?"

"Kanzu ya kuswalia, Mama Asha."

"Kwa nini iko humu?"

"Nikiiweka kwenye kiti inakuwa nyekundu kabla sijafika msikitini. Gari zima lina vumbi. Humo tu ndimo hamna."

Alisema kweli. Nilimshonea mfuko wa nailoni, ugonjwa wa Ijumaa ukaisha.

Mzee Nantunga alistaafu, nami nikakaa kwenye kiti chake. Miaka ikapita. Nilipobakiza kama miwili, mradi ulituletea mkuu mpya wa usafiri, Bwana Fadhili. Alitoka Dar es Salaam, kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, nadhifu, anayeamkia kila mtu. Niseme mapema kwamba nilimpenda. Shida yake ilikuwa gari lake.

Lilikuwa gari dogo la kijivu lenye umri wa miaka zaidi ya ishirini. Asubuhi ya kwanza tulilisikia kabla hatujaliona. Lilivuta pumzi kama ng'ombe anayekunywa maji. Chikoti aliinuka akatoka nje kuangalia ni lori la aina gani. Bwana Fadhili akashuka, akafungua boneti, akaishikilia kwa mkono mmoja kwa sababu kile chuma cha kuitegemeza alikiondoa ili kupata nafasi, na mkono wa pili akatuonyesha. Boksi la kiwandani halikuwepo. Mahali pake palikuwa na bomba linalong'aa, na mwishoni koni nyekundu ya kitambaa na waya, kubwa kama kikapu cha mayai, imekaa wazi juu ya injini.

"Hii inaongeza nguvu," akasema. "Boksi la zamani linaibana injini pumzi. Hapa inavuta inavyotaka."

Niliweka kiganja karibu na koni. Hewa iliyokuwa ikiingia ilikuwa na joto la jiko, maana ilitoka palepale juu ya injini. Nikamwambia. Akatabasamu, akatoa simu, akanionyesha kijana wa nchi ya mbali akisifu koni kama hiyo huku gari lake limesimama kwenye theluji.

Angeishia kwenye gari lake, nisingesema neno. Mtu na mali yake. Lakini wiki ya pili alileta boksi kubwa ofisini. Ndani mlikuwa na koni saba, zote nyekundu, moja kwa kila gari la mradi. Ya kwanza, alisema, ifungwe kwenye gari la wagonjwa la Newala, kwa sababu ndilo linalopanda kilima.

"Bwana Fadhili," nikamwambia, "gari lile linapita kwenye vumbi kila siku ya Mungu. Ukilifungulia pua namna hiyo halimalizi mwaka."

"Mama Asha, nakuheshimu. Lakini hii ni sayansi."

Alikuwepo Bi Somoe siku hiyo, muuguzi mkunga wa zahanati ya huko Mkunya, amekuja kuchukua makasha ya chanjo. Bi Somoe ni mwanamke mnene, mtulivu, aliyezalisha nusu ya watoto wa pande zile, na hajui lolote kuhusu injini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nina swali," akasema. "Nikiwa na mzazi aliyeshindwa, gari litafika au halitafika?"

Tukajibu sote wawili kwa pamoja. Yeye akasema litafika haraka zaidi, mimi nikasema halitafika.

"Basi pimeni," akasema Bi Somoe. "Sisi tukiwa na dawa mbili tunapima."

Bwana Fadhili aliafiki mara moja, na hapo nikagundua kwamba kweli alipenda sayansi. Alipanga kila kitu kwenye karatasi. Gari liwe lake, ili tusiharibu la mradi. Dereva awe Chikoti, asiye na upande. Kutoka chini ya kilima mpaka mlango wa zahanati ya Bi Somoe, mara moja kwa boksi la kiwandani na mara moja kwa koni, saa ikihesabu. Siku iwe moja, asubuhi moja, ili hali ya hewa isitofautiane. Abiria wawe walewale wenye uzito uleule. Tukapanga iwe Jumamosi ya wiki ile.

Jumamosi hiyo haikuwezekana, kwa sababu ya kuku.

Boksi la kiwandani Bwana Fadhili alikuwa amelihifadhi nyuma ya nyumba, na mkewe, Mama Neema, aliliona ni zuri kwa kuku. Kuku naye aliliona zuri. Tulipokwenda kulichukua tulimkuta amelalia mayai tisa, ametuna manyoya, jicho moja kwa Bwana Fadhili.

"Hamtoi," akasema Mama Neema.

"Mama Neema, ni kifaa cha gari."

"Ulisema hakina kazi. Niliuliza, ukasema tupa. Ana siku kumi amelalia. Subirini waanguliwe."

Bwana Fadhili alinitazama kama mtu anayetafuta shahidi. Mimi nilimuunga mkono Mama Neema. Bwana Fadhili alijaribu kununua boksi kama hilo Mtwara, hakupata. Basi sayansi ikasimama siku kumi na moja ikimsubiri kuku. Kila asubuhi Bwana Fadhili aliripoti karakana: bado. Alianza kumwita kuku yule kwa jina la heshima, akamjengea na kivuli. Walipoanguliwa vifaranga saba, alileta boksi likiwa limeoshwa kwa sabuni, nami nikalifunga chujio jipya la karatasi.

Lakini siku hizo kumi na moja zilibadilisha jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi yake. Msimu wa salfa ulikuwa umeingia. Salfa ni ule unga wa njano wanaopulizia mikorosho ili maua yasishikwe na ugonjwa wa ukungu. Wakulima wanaamka alfajiri, wakati umande bado uko kwenye majani, wanabeba mashine mgongoni na kupuliza mpaka jua likolee. Asubuhi za msimu ule, juu kule Mkunya, mashamba yote yana mawingu ya njano yanayotembea, na upepo ukipenda yanavuka barabara.

Tulikutana chini ya kilima saa kumi na mbili na nusu. Bi Somoe alikuwa ameshuka na lifti ya pikipiki, amebeba mizani ya kusimamia ya zahanati iliyofungwa kwenye kanga. Alitupima mmoja mmoja pembeni ya barabara, tumevua viatu. Fomu za watu wazima zilikuwa zimemwishia, kwa hiyo aliandika kwenye kadi za kliniki ya watoto. Kila mmoja wetu alipewa kadi yake, yenye mchoro wa mstari wa makuzi na sehemu ya kujaza jina la mama. Kadi ya Bwana Fadhili iliandikwa kilo themanini na moja. Kalamu ya Bi Somoe ilitafuta mahali pa kuweka nukta kwenye mchoro, ikatoka nje ya karatasi.

"Chanjo?" akamuuliza, kwa mazoea.

"Nilimaliza," akajibu Bwana Fadhili.

Safari ya kwanza tulikwenda na boksi la kiwandani. Chikoti aliendesha kama anavyoendesha siku zote, uso hauna habari. Gari lilikohoa kidogo kwenye kona ya pili kisha likapanda, kimya. Juu, kwenye mikorosho, wingu la salfa lilivuka barabara mbele yetu, tukapandisha vioo, tukapita. Zahanati tulifika kwa dakika kumi na tisa. Nilifungua bomba, nikafuta ndani kwa kitambaa cheupe mbele ya wote. Kilitoka cheupe. Bwana Fadhili aliandika.

Tukashuka tena. Chini nilitoa boksi nikafunga koni. Kabla ya kuondoka Bi Somoe alisema lazima tupimwe upya, kwa sababu tulikunywa chai kwake na mihogo. Chikoti alikuwa vilevile. Mimi niliongezeka nusu kilo. Bwana Fadhili aliongezeka kilo nzima, jambo lililomsumbua sana, maana lingeionea koni. Alivua koti. Bado. Alivua mkanda, akatoa funguo, simu na pochi, akavikabidhi kwa mwenye kibanda cha maji pale barabarani. Sawasawa na mwanzo. Akaingia garini ameshika suruali.

Sasa gari lilinguruma. Siwezi kusema uongo, lilinguruma vizuri. Watu walitoka nyumbani kutazama. Bwana Fadhili, ambaye kwenye safari ya kwanza alikuwa ametazama saa, sasa alikuwa akitazama mbele huku amefumba macho nusu.

"Mnasikia nguvu hiyo?" akasema.

"Ninasikia sauti," nikasema.

Chikoti akabadilisha gia kurudi chini. Kwenye safari ya kwanza hakubadilisha pale. Injini ilikuwa imepata moto na koni ilikuwa inavuta moto huohuo. Kwenye kona ya nne akarudisha tena. Pikipiki yenye magunia mawili ya mihogo ikatupita, na mwenyewe akatupungia mkono kwa huruma.

Ndipo tukafika kwenye mikorosho. Wingu lilivuka kama mwanzo, si kubwa kuliko lile. Tukapandisha vioo. Lakini safari hii gari lililivuta lile wingu. Nililiona kwa macho yangu, mstari wa njano ukiingia kwenye upenyo wa boneti kama maji yanayoingia kwenye karai lenye tundu. Mngurumo ukakatika, ukarudi, ukakatika. Taa ya injini ikawaka. Halafu ikaja harufu.

Salfa ikiungua inanuka kama viberiti elfu vilivyowashwa puani mwako. Nyuma yetu kulikuwa na moshi mweupe mzito, na mwingine ulipanda kutoka chini ya dashibodi. Bi Somoe alijifunika kanga usoni. Chikoti alitoa machozi bila kupunguza mwendo, na mwendo wenyewe ulikuwa mdogo. Gari liliruka mara tatu, likanguruma kwa mara ya mwisho na kuzimika, likisukumwa na mwendo wake mpaka katikati ya mkutano wa maombi.

Walikuwa kama watu arobaini, wamekaa kwenye mabenchi uwanjani karibu na barabara. Mhubiri, mzee mmoja mwenye miwani, aliniambia baadaye kwamba siku hiyo alikuwa anafundisha habari za ndoa, na moto wa jehanamu hakuwa ameupanga. Lakini watu walisikia mngurumo, wakaona moshi, wakanusa kiberiti, kisha wakaona mlango unafunguliwa na mtu anatoka amelia macho mekundu, hana mkanda, ameshika suruali kwa mikono miwili. Nusu ya mkutano ilikimbia. Nusu iliyobaki ilipiga magoti. Bwana Fadhili alitaka kuwaeleza, lakini alikohoa tu, na kikohozi chake kilizidi kuwatisha. Mimi nilishuka nikasema kwa sauti, "Jamani, ni salfa ya mikorosho. Tusaidieni kusukuma." Mhubiri ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka mikono kwenye buti.

Tulisukuma mita mia mbili mpaka zahanati. Nilitaka kufungua bomba hapohapo nimpe Bwana Fadhili kitambaa chake, lakini mama mmoja alikuwa ameketi kwenye ngazi ya zahanati akitusubiri, na ndani alikuwepo binti yake, Zuhura, mimba ya kwanza, uchungu tangu alfajiri. Bi Somoe aliingia na mizani begani. Alitoka baada ya dakika tano bila mizani.

"Mtoto ametanguliza miguu," akasema. "Siwezi kumzalisha hapa. Lazima afike hospitali ya Newala, sasa hivi. Gari la wagonjwa liko wapi?"

Gari la wagonjwa lilikuwa karakana, Masasi, na dereva wake alikuwa amesimama hapa, akifuta machozi ya salfa. Bwana Fadhili alipapasa mfuko akitafuta simu, akakumbuka ilikuwa kwenye kibanda cha maji chini ya kilima pamoja na mkanda.

Nilisema, "Fungua boneti."

Aliifungua, akaishikilia. Chuma cha kuitegemeza hakikuwepo, na mti wa kutosha hatukuona. Kwa hiyo aliibeba kwa mikono miwili juu ya kichwa changu, na suruali ikaachwa ifanye inavyotaka. Nilitoa koni nikaitupa majanini. Ndani ya bomba palikuwa pa njano kama manjano ya pilau. Ile sensa ndogo inayopima hewa ilikuwa imefunikwa kabisa. Nikamwomba Bi Somoe spiriti ya kusafishia vidonda na pamba, nikaisafisha kama jicho la mtoto. Nikafuta bomba, nikarudisha boksi lililokuwa kwenye buti, nikabana klipu zake nne. Kwa miaka yote ile nilifungua mabomba ya hewa maelfu, na siku hiyo klipu ya tatu ilinitoka vidoleni mara mbili, kwa sababu nilimsikia Zuhura akilia ndani na nilijua hakuna gari lingine.

"Mama Asha," Bwana Fadhili akasema juu yangu, "nisamehe."

"Usiiachie hiyo boneti," nikamjibu.

Chikoti akawasha. Injini ikakataa. Akawasha tena, ikatoa moshi mweupe mmoja, ikashika. Tulisikiliza sote. Ikatulia, ikawa kimya kama ilivyozaliwa. Zuhura akalazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake, Bi Somoe akaingia mbele na mkoba wake, wakaondoka kuelekea Newala. Mimi na Bwana Fadhili tulibaki kwenye ngazi za zahanati tumekaa kama wagonjwa. Watu wa maombi walituletea maji. Mhubiri alimletea Bwana Fadhili kamba ya katani, akajifunga kiunoni.

Ilipofika saa sita Chikoti alirudi. Alifuta kwanza kioo, kisha akasema, "Mtoto wa kike. Wazima wote wawili." Bwana Fadhili aliinamisha uso kwenye magoti yake.

Kuna jambo moja dogo la kadi. Katika haraka ile Bi Somoe alichanganya kadi mkobani, na muuguzi wa hospitali akaandika uzito wa mtoto kwenye kadi ya Bwana Fadhili. Saa moja asubuhi kilo themanini na moja, saa nne kilo tatu na robo. Bi Somoe aliitwa kutoa maelezo. Alieleza ukweli wote kuanzia kuku, na wakamsihi apumzike kidogo kwenye benchi.

Jumatatu Bwana Fadhili alifunga boksi la koni saba kwa gundi, akalipeleka stoo, akaandika juu yake: zisifungwe. Hakuna aliyemwambia. Kitambaa cha njano hakuhitaji kukiona.

Basi kwa ninyi mnaouliza, jibu langu ni hili. Kwa gari la zamani, boksi la kiwandani likiwa zima, koni haikuongezei chochote utakachokihisi, na kwa barabara zetu itakupunguzia umri wa injini. Nunua chujio jipya la karatasi. Kagua mpira wa bomba kama umepasuka. Badilisha plagi. Hapo utapata nguvu yote ambayo gari lako lilikuwa nayo, wala usilidai zaidi. Boksi likiwa limevunjika na huna pa kupata lingine, basi koni ni afadhali kuliko soksi, maana soksi nimeshaikuta. Ila ijengee ukuta wa bati ikingwe na joto, na isafishe kila wiki. Mtu akikuonyesha kwenye simu gari lililosimama kwenye theluji, mwulize kama kule wanalima korosho.

Lakini kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme. Bwana Fadhili hakuitupa koni yake. Aliirudia majanini siku ileile. Alikuja kwangu wiki kadhaa baadaye, ana aibu, akaniuliza kama ingewezekana kuifunga mara mojamoja, Jumapili, kwenye lami ya mjini tu, hakuna vumbi, hakuna kilima. Nilimwuliza kwa nini. Akasema alikulia nyumba ya wapangaji kumi wasio na gari, na gari la kwanza alilowahi kupanda lilikuwa na mlio kama huo. Sikuwa na hoja ya kifundi dhidi ya hilo. Nikamfundisha kuibadilisha mwenyewe kwa dakika nane, na kurudisha chuma cha boneti.

Siku yangu ya mwisho kazini walininunulia keki na kiti cha plastiki. Hotuba zilikuwa fupi, namshukuru Mungu. Bwana Fadhili akasema atanirudisha nyumbani. Nilipotoka nje niliona ameshafunga koni, ingawa haikuwa Jumapili. Nikaingia, kiti changu kipya kimefungwa juu ya gari. Tukapita barabara kuu ya Masasi polepole, gari likinguruma, na watu wakatoka madukani. Wauza vitenge, mafundi cherehani, wanafunzi, hata wale wa benki. Miaka thelathini na sita niliyafanya magari yapite mji huu bila kusikika, hiyo ndiyo ilikuwa kazi, na hakuna aliyewahi kugeuza kichwa. Sasa walinipungia mkono. Nami nikawapungia.

Tulipofika njia ya kukata kwenda kwangu, Bwana Fadhili akapunguza mwendo.

"Hapa, Mama Asha?"

"Bado," nikamwambia. "Zunguka tena."